Tomaso alikosea nini hasa?

Ukitaka kumnyamazisha mtu kwa Kiswahili bila kujibu hoja yake, mwite Tomaso. Neno hilo halichagui mahali. Utalisikia kwenye mikutano ya hadhara, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye kurasa za michezo na hata kwenye vikao vya harusi, pale mweka hazina anapoulizwa michango imefikia wapi. Msemaji wa klabu akitangaza kwamba mshambuliaji kutoka Kongo ameshasaini, ataongeza kwamba akina Tomaso wasubiri picha. Mgombea akiahidi lami hadi mlangoni kwa mpiga kura, hamalizi hotuba kabla ya kuwakumbuka akina Tomaso. Mwenye shaka naye amejifunza kulivaa jina hilo kama kinga: "Mimi Tomaso bwana, mpaka nione."

Tuangalie hilo "akina". Tunalitumia kwa watu wa kundi moja au nyumba moja: akina mama, akina Juma, akina Mwajuma wa mtaa wa pili. Kwa kumtangulizia Tomaso neno hilo tumemzulia ukoo mtu ambaye Injili haimtaji mke wala mtoto. Na ukoo huo una kazi yake. Anayeuliza peke yake anaweza kujibiwa, lakini akishaingizwa ukoo wa Tomaso swali lake linageuka tabia ya kurithi, na tabia ya kurithi haijibiwi, huchekwa tu.

Mwenyewe mwenye jina alikuwa mtu wa namna gani? Mathayo, Marko na Luka wanamtaja kwenye orodha ya mitume, kisha wanapita. Anayempa sauti ni Yohana. Mara ya kwanza tunamsikia katika habari ya Lazaro. Yesu anataka kurudi Uyahudi, ambako muda si mrefu walikuwa wakitafuta kumpiga mawe, na wanafunzi wanasita. Anayewaambia wenzake waende wakafe naye ni huyohuyo Tomaso. Mara ya pili ni mezani, usiku wa mwisho. Yesu anasema wao wanaijua njia ya huko aendako, na Tomaso anasema waziwazi kwamba hawajui aendako, sasa njia wataijuaje. Wengine wote wamekaa kimya. Kila darasa lina mwanafunzi wa namna hiyo, na darasa zima hunufaika naye huku likijifanya kukereka.

Hata hilo jina lenyewe si jina hasa. Katika Kiaramu ni neno la pacha, na Yohana, kwa kuwa anaandika Kigiriki, anawatafsiria wasomaji wake: Didimo, yaani pacha. Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na majina hayo yameenea Tanzania nzima. Basi tunapowasema akina Tomaso ni kama tunawasema akina Doto, na Kulwa wake hajulikani, maana Injili haisemi alikuwa pacha wa nani. Wakristo wa kale wa Syria waliamini kwamba jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yuda. Kitabu kiitwacho Matendo ya Tomaso, kilichoandikwa karne ya 3 na ambacho hakikuingizwa katika Biblia, kinamwita Yuda Tomaso. Kama ni kweli, mtu mmoja alibeba majina mawili ambayo Kiswahili cha leo kimeyageuza matusi, la msaliti na la asiyesadiki, na wala hakuwa yule Yuda aliyesaliti.

Tuje kwenye shtaka. Jumapili ya ufufuko jioni wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Tomaso hakuwamo. Yesu akawatokea, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake, nao wakafurahi. Tomaso aliporudi wakamsimulia, akasema yeye hatasadiki mpaka aone alama za misumari, atie kidole chake mle, na mkono wake ubavuni. Baada ya siku nane Yesu akaja tena, safari hii Tomaso akiwepo, akamwambia alete kidole chake.

Soma tena mpangilio wa matukio. Wale kumi walionyeshwa mikono na ubavu kabla hawajaomba, na furaha yao ilikuja baada ya kuonyeshwa. Tomaso aliomba aonyeshwe walichoonyeshwa wenzake, ingawa kwa ukali zaidi, maana yeye alitaka na kugusa. Tena asubuhi ya siku ileile wanawake walikuwa wametoka kaburini na habari hiyohiyo, na Luka anaeleza kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Petro alikuwa miongoni mwao, na mpaka leo hakuna anayesema "akina Petro" kwa maana ya watu wasioamini. Kosa la Tomaso, nikilipima, ni kuchelewa. Wenzake walishuku asubuhi na wakapata ushahidi jioni, shaka yao ikafutika kabla haijapata jina. Ya kwake ilikaa wiki nzima bila majibu, na jina likapata muda wa kuganda.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tuna hakika nalo na halimo. Yohana hasemi kwamba Tomaso aligusa. Anaalikwa kugusa, na sentensi inayofuata anamkiri Yesu kuwa Bwana na Mungu wake, maneno mazito kuliko yote yaliyotoka kinywani mwa mwanafunzi yeyote katika kitabu hicho. Kidole ndani ya jeraha tumeletewa na wachoraji. Maarufu kuliko wote ni Mwitaliano Caravaggio, aliyechora tukio hilo mwanzoni mwa miaka ya 1600, na picha yake iko Potsdam, Ujerumani. Tomaso wake ni mtu wa kazi za jua, paji limejaa mikunjo, mshono wa bega la nguo yake umefumuka, na kidole kimezama ubavuni huku Yesu mwenyewe akimshika mkono na kumwongoza. Nyuma yake wamesimama mitume wawili waliokwisha kuamini. Wameinama, shingo mbele, wanachungulia kwa uchu uleule.

Ni kweli kwamba habari hiyo inaishia kwa neno la heri kwa wanaosadiki bila kuona, na mahubiri mengi yameishikilia sentensi hiyo moja. Lakini Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa mwishoni mwa karne ya 6, alihubiri kwamba kutoamini kwa Tomaso kumeifaa imani yetu kuliko kuamini kwa wenzake, kwa sababu shaka yake ilipata jibu ambalo sisi wengine tunalitegemea. Kwa nini mahubiri hayo hayakufika vijiweni na lile jina likafika, sijui nimlaumu nani.

Njia ya jina kuingia katika Kiswahili si ya kificho. Wamisionari wa karne ya 19 walitafsiri maandiko kwa lahaja mbili zilizoshindana, Kimvita cha Mombasa na Kiunguja cha Zanzibar, na ushindani huo ulimalizwa na Biblia ya Union iliyotoka 1952. Humo ameandikwa Tomaso. Tafsiri ya Habari Njema iliyokuja baadaye, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliifanya pamoja, imemwandika Thoma, lakini ilikuwa imechelewa, na mtaani hakuna aliyewahi kuwasema "akina Thoma". Halafu kuna kalenda. Kwa Wakatoliki, Jumapili inayofuata Pasaka husomwa Injili hiyohiyo kila mwaka bila kubadilishwa, na Waorthodoksi wameiita siku hiyo Jumapili ya Tomaso. Mtoto anayekwenda kanisani kila Jumapili anafika darasa la saba akiwa ameisikia kesi ya Tomaso mara nyingi kuliko kesi nyingine yoyote.

Wajerumani na Wafaransa nao wana misemo inayomtaja, kwa hiyo si sisi tulioanza kumsema. Tulichofanya sisi ni kumwingiza katika jamii ya majina ambayo Kiswahili kilikuwa tayari kimeyafanya maneno ya kawaida. Firauni ni wa zamani kuliko wote. Alikuja na Uislamu, akapoteza kiti chake cha enzi Misri, na leo firauni ni mtu yeyote mwovu kupindukia, na matendo yake ni ufirauni. Mafarisayo ni wanafiki. Msamaria mwema ndiye pekee aliyetoka na jina zuri. Kati ya hao Tomaso ndiye aliyeonewa zaidi, maana Firauni alifanya kweli aliyoyafanya.

Nafasi aliyoijaza ilikuwepo wazi. Tulikuwa na shaka, tuhuma, dhana na wasiwasi, vyote tulivyovipata kwa Waarabu, na kila kimoja kina kazi yake. Tuhuma tumezipeleka polisi na mahakamani. Wasiwasi, katika Kurani, ni ule mnong'ono wa shetani kifuani mwa mtu unaotajwa katika Surat An-Nas, na watu wa pwani wanamjua mwenye wasiwasi kuwa yule anayerudia udhu mara tatu nne kwa kuogopa haujatimia. Huyo hata akiona haridhiki. Mbishi naye anaona, anaelewa, na anabisha kwa raha zake. Mtu wa tatu, ambaye haamini sasa lakini ataamini ukimwonyesha, hakuwa na jina la neno moja linalokaa vizuri mdomoni. Tomaso akaajiriwa kwa kazi hiyo, na ukilitazama kwa makini jina lina heshima ndani yake: linakubali kwamba mtu huyu anashawishika.

Waislamu wana kisa ambacho mimi hukiweka kando ya hiki cha Yohana. Katika Surat Al-Baqara, Nabii Ibrahim anamwomba Mungu amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa kama haamini, anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Anaagizwa achukue ndege wanne, aweke sehemu zao juu ya vilima, kisha awaite, nao wanamjia. Ombi ni lilelile la kuona. Ibrahim alibaki kuwa baba wa imani, na hakuna kijiwe chochote cha Kariakoo wala Mwembe Tayari kinachowaita wenye shaka akina Ibrahim.

Sasa tutazame nani humwita nani Tomaso. Katika maisha yangu ya kusikiliza hotuba sikumbuki siku ambayo mkulima alimwita mkuu wa mkoa Tomaso. Neno hutoka kwa anayetaka kuaminiwa kwenda kwa anayetakiwa aamini, kwa hiyo hushuka zaidi ya linavyopanda. Na likishushwa mahali ambapo fedha zinakusanywa, huwa na gharama.

Mwaka 2009 Watanzania wengi walikuwa "wakipanda mbegu" katika mradi wa DECI. Lugha yote ya mradi ule ilitoka kanisani, na walioongoza walikuwamo wachungaji. Unapanda fedha, unasubiri wiki kadhaa, unavuna mara mbili au zaidi. Wa mwanzo walivuna kweli, kwa fedha za waliofuata, na mavuno yao yakawa mahubiri tosha. Hebu fikiri mtu ambaye jirani yake ameshanunua pikipiki kwa mavuno anakaa kikaoni na kuuliza shamba lenyewe liko wapi. Serikali ilipousimamisha mradi na viongozi wake kupelekwa Mahakama ya Kisutu, walioachwa na maumivu walikuwa wale wa msimu wa mwisho, waliopanda na hawakuvuna. Shaka ya wiki mbili ingewaokolea ada za watoto.

Miaka miwili baadaye ikaja Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akiwanywesha wagonjwa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, na baadhi ya wagonjwa walikufa wakiwa njiani au kwenye foleni. Walikwenda maskini na mawaziri. Mzee hakutajirika kwa shilingi 500 zile, na sina sababu ya kusema alidanganya, huenda aliamini kuliko wateja wake. Ila kulikuwa na wagonjwa wa Ukimwi walioacha dawa za hospitali kwa imani kwamba kikombe kimemaliza kazi. Daktari aliyewaambia wapime tena kabla ya kuacha vidonge alikuwa anawaambia wawe akina Tomaso, na hapakuwa na ushauri mwingine wa maana.

Hata hivyo nisimpambe mno. Kuna Tomaso wa uvivu pia, yule ambaye shaka yake haina swali, na ambaye ukimpeleka aone anasema ana shughuli. Reli ya kisasa ya SGR iliwatoa wote wawili hadharani. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilianza kujengwa 2017 na kilitarajiwa kukamilika 2019. Kila mwaka uliopita bila treni uliwaongezea akina Tomaso wafuasi, na wakati huo walikuwa na haki, kwa kuwa tarehe ilitolewa na tarehe ikapita. Abiria wakaanza kupanda tarehe 14 Juni 2024. Wapo waliokata tiketi, wakakaa kwenye kiti, wakakiri. Wapo pia waliohamia mara moja kwenye kusema kwamba haitadumu. Wa kwanza ndio wa ukoo wa mtume. Wa pili ni wabishi tu, wametumia kitambulisho cha watu.

Anayeishi na jina hili kila siku bila kulalamika ni wakala wa fedha za simu. Simama kwenye kibanda chake jioni ya mwisho wa mwezi. Kaka mmoja amekuja kununua unga, amesema analipa kwa simu, anamgeuzia wakala kioo cha simu yake.

"Hii hapa dada, imeshatoka."

"Hiyo ya kwako kaka. Nasubiri ya kwangu."

Ya kwake inaingia. Hampi unga bado. Anasoma jina la mtumaji, anatazama meseji imetoka kwenye namba ya kampuni au kwenye namba ya mtu, kisha anafungua salio na kulilinganisha na daftari lake la floti. Ndipo mkono unakwenda kwenye mfuko wa unga. Mteja aliyefuata ametoa noti ya shilingi 10,000, na dada anainyanyua kwenye taa, anaipapasa, anaiweka. Hakuna aliyekasirika. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, meseji peke yake ilitosha watu kupeana bidhaa. Walioharibu ni matapeli wa meseji za kubuni, na wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", ujumbe ambao karibu kila mwenye simu Tanzania ameupokea kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumwahidi hela yoyote. Ulifanya kazi kwa sababu kila siku kuna mtu mahali fulani ambaye kweli alikuwa anataka kumtumia mtu hela. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa aina hiyo, na laini zikasajiliwa kwa alama za vidole. Serikali nayo ikataka vidole, kama mtume.

Nikirudi kwa mtume mwenyewe, habari zake baada ya Injili zinampeleka mbali kuliko mwenzake yeyote. Wakristo wa Kerala, kusini-magharibi mwa India, wanashikilia kwamba alitua pwani yao mwaka 52, na Chennai lipo kanisa kubwa la San Thome lililojengwa juu ya kaburi linalosemwa kuwa lake. Waitaliano wa mji wa Ortona nao wanasema mifupa yake wanayo wao tangu 1258. Wareno walipofika Malindi 1498 na kukuta meli za Wahindi bandarini, waliwachukulia kuwa Wakristo, kwa sababu habari za Wakristo wa Tomaso zilikuwa zimeshafika Ulaya na walitamani sana ziwe kweli. Walipovuka hadi Calicut waliingia kwenye hekalu la Wahindu na kusali humo wakidhani ni kanisa. Msafara ule ulihitaji Tomaso mmoja.

Matendo ya Tomaso yanasimulia safari hiyo kwa namna yake. Tomaso hakutaka kwenda India, akauzwa kwa mfanyabiashara aitwaye Habani kama fundi seremala na mwashi, akafikishwa mbele ya mfalme Gundafori. Mfalme huyo si wa kutungwa. Sarafu zenye jina lake zimepatikana maeneo ambayo leo ni Pakistan na Afghanistan. Akampa fundi wake fedha nyingi amjengee ikulu. Tomaso akazigawa zote kwa maskini. Mfalme akatuma watu kuuliza ujenzi umefikia wapi, akajibiwa kwamba ikulu imekwisha, imebaki paa tu, na akaongeza fedha za paa. Hizo nazo zikagawiwa. Mwishowe akaja mwenyewe akitaka kuiona. Fundi akamjibu kwamba hawezi kuiona kwa sasa, ataiona akishaondoka katika maisha haya.

Yule aliyegoma kuamini mpaka aone alikuwa anamtaka mwenye mradi aamini bila kuona. Gundafori akafanya ambacho Tomaso wa Injili angekielewa kuliko mtu yeyote: akamtia gerezani, akaanza kufikiria adhabu ya kifo. Kilichomwokoa ni kwamba nduguye mfalme, Gadi, alikufa kwa uchungu wa hasara ile, akapelekwa mbinguni, akaiona ikulu, akaipenda mpaka akaomba arudishwe duniani akainunue kwa kaka yake. Fundi akafunguliwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akienda leo kukagua zahanati iliyokamilika kwenye makaratasi, hana ndugu wa namna hiyo wa kumthibitishia, kwa hiyo anaandika kwenye ripoti kwamba jengo halikuonekana.